Joto la Gereji ya Bibi Subilaga

Ukiingia katika chumba chochote nilichojenga miaka yangu ya mwisho ya kazi, iwe Igowole, iwe huku Iyunga ninakoishi sasa, inama kidogo uangalie chini ya mlango. Utakuta tundu la ukubwa wa ngumi, limewekewa wavu wa kuzuia panya. Wenye nyumba wengi walinilalamikia kwa tundu hilo. Mmoja aliniuliza kama macho yangu yameanza kuchoka, maana fundi mzima anajenga nyumba kwenye nchi ya baridi halafu anauachia upepo njia. Nilimjibu kwamba macho yangu ni mazima na tundu linabaki.

Ninyi mnaoanza uashi mmeniomba niwaeleze namna ya kupasha chumba joto kwa gharama ndogo, hasa hizi gereji ambazo siku hizi kila mtu anazigeuza vyumba vya kulala. Nitawaeleza. Ila siwezi kueleza joto bila kueleza tundu, na siwezi kueleza tundu bila kumtaja Bibi Subilaga, ambaye nusura nimuue.

Naitwa Ambakisye. Nimeshika mwiko tangu sijaota ndevu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliishi Igowole, kule Mufindi. Kwa asiyepajua, baridi ya Igowole mwezi wa sita si ya kusimuliwa. Ukungu unatoka upande wa mashamba ya chai, unaingia mjini bila hodi na unakaa hadi saa nne asubuhi. Maji ya ndoo yanauma mikono. Saruji inachelewa kushika hadi unadhani umeuziwa unga wa ugali. Nimewahi kumwona mpakaji rangi akifanya kazi na soksi mikononi, na hakuna aliyemcheka.

Mwalimu Tuntufye alikuwa jirani yangu pale. Ni Mnyakyusa kama mimi, na kwa kuwa tulikuwa wachache katikati ya Wahehe na Wabena, alinifanya ndugu na kuniita baba mdogo. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia nyumba ya vyumba viwili iliyojaa watoto, na pembeni yake gereji ya pikapu. Pikapu yenyewe iliuzwa wakati wa ugonjwa. Gereji ilibaki na kuku.

Mama yake ndiye Bibi Subilaga. Alikuwa ameishi Makongolosi zaidi ya miaka arobaini, akiwapikia wachimba dhahabu, kwenye jua ambalo mwenyewe alisema linaingia hadi kwenye mifupa na kukaa humo kama mpangaji. Mumewe alikufa huko, kisha akafa dada yake aliyekuwa akiishi naye. Miguu ikaanza kuvimba. Mara mbili majirani walimkuta ameanguka njiani akitoka kuchota maji. Tuntufye akaenda kumchukua na kumleta Igowole, na ndani ya wiki moja yule mama akaanza kukohoa.

"Baba mdogo," Tuntufye aliniambia, "ndani hakuna nafasi, na hakuna pa kumlaza ila sebuleni. Nataka nimgeuzie gereji iwe chumba, alale na Upendo. Ila pawe na joto. Pasipokuwa na joto itabidi nimrudishe, na nikimrudisha atakufa peke yake kule."

Upendo alikuwa binti yake wa mwisho, wa miaka kumi. Nilimwambia Tuntufye asiwe na wasiwasi, kazi hiyo ni ndogo. Hayo ndiyo maneno ninayoyaogopa zaidi kuyasikia kwa fundi, na niliyasema mimi.

Sasa sikilizeni jinsi gereji inavyompotezea mtu joto. Ilijengwa kwa ajili ya gari, na gari halisikii baridi. Mlango wa mbele wote ni bati, kwa hiyo unalala na ukuta wa barafu. Sakafu ni zege tupu. Juu ni bati bila dari, na joto lote likipanda linatoroka. Mtu wa haraka ataenda kununua hita ya umeme, na uniti zitakwisha kabla miguu haijapata habari. Anzeni kwa kuziba njia ambazo joto linatokea, ndipo mfikirie moto.

Hilo nililifanya vizuri. Nilitoa lile bati, nikajenga ukuta wa tofali za kuchoma na mlango mdogo wa mbao. Nilishusha dari chini, na juu yake nikamwaga maranda makavu kutoka kwenye kiwanda cha mbao, nimeyachanganya na majivu ili mchwa wasiyapende. Kule Mufindi maranda ni takataka, utashukuriwa ukiyabeba. Chini niliweka sakafu ya mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magamba ambazo wapasuaji wanazitupa. Ukizipiga randa upande mmoja zinakuwa mbao kama mbao nyingine. Dirisha nililitoboa upande wa kaskazini. Watu huweka dirisha linapotazama barabara. Lakini katikati ya baridi jua letu linapita kaskazini, na dirisha la upande huo litawapa joto la bure mchana kutwa.

Baada ya hapo nikaingiwa na kiburi. Nilizunguka chumba na mshumaa, kila mahali ulipotikisika nikaziba. Nafasi kati ya ukuta na paa, nikajaza udongo. Kuzunguka mlango mzima, chini na juu, nikapigilia vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ukifunga unasikia mlango unabana kama kifuniko cha chupa. Hata inzi angekosa pa kupita. Nilimwita Tuntufye aje aone mshumaa unavyosimama wima.

Akauliza, "Na jiko la mkaa tunaweza kuwawekea?"

"Wekeni," nikasema. "Liwasheni nje mpaka liive, mkaa uwe mwekundu wote. Likishaiva halina moshi, halina madhara."

Nataka mlisikie jibu hilo kama nilivyolitoa, kwa sauti ya mtu anayejua. Wala sikulitunga. Nilizaliwa nyuma ya Tukuyu katika nyumba ya mianzi na udongo, paa la nyasi. Moto ulikuwa katikati, tulilala tukiuzunguka, na asubuhi tuliamka. Bibi yangu alifanya hivyo, na mama yangu pia. Nusu ya Nyanda za Juu mwezi wa sita inaingiza jiko chumbani, na kila mtu atakuambia maneno yaleyale: subiri liive. Sikuwahi kujiuliza kwa nini sisi tuliamka.

Kesho yake asubuhi, siku ya Jumamosi, nilikuwa na kazi Mafinga. Nilipofika kituoni nikagundua mwiko wangu haupo kwenye mfuko. Ni mwiko wa zamani, mpini wake ulishachukua umbo la kiganja changu, na bila huo najiona kama nimevaa viatu vya mtu mwingine. Nikakumbuka niliuacha dirishani kwa Bibi Subilaga. Nikarudi nikinung'unika.

Tuntufye alikuwa uani anasuuza vyombo. "Bado wamelala," akasema huku anacheka. "Leo joto limewanogea."

Ilikuwa saa moja na nusu. Mtu mzima aliyepika miaka arobaini halali hadi saa moja na nusu. Nikagonga. Nikagonga tena. Mlango ulikuwa haujakomewa, ila mpira wangu ulikuwa umeubana, ikabidi nivute kwa mikono miwili. Ndani palikuwa na joto zuri sana. Naomba mlikumbuke hilo. Hapakuwa na moshi wala harufu, na palikuwa na joto ambalo hata mimi nilitamani kuketi. Jiko lilikuwa pembeni lina majivu na vijicho viwili vyekundu. Bibi alikuwa kitandani mdomo wazi. Upendo alikuwa ameteremka nusu, ameangukia sakafuni, amejitapikia, mkono umeelekea mlangoni.

Tuliwatoa nje tukawalaza kwenye nyasi zenye umande. Upendo alifungua macho mapema kidogo, akalia kwamba kichwa kinapasuka. Bibi alichukua muda mrefu. Sijui ni mrefu kiasi gani, maana niliishi miaka mingi ndani yake. Jirani mmoja mwenye gari akatuwahisha kituo cha afya, wakawekewa hewa ya oksijeni.

Muuguzi alikuwa msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alinitoa kando, akaniuliza kwa heshima, "Babu, jiko lilikuwa ndani?"

"Lilikuwa limeiva," nikasema.

"Likiiva ndiyo baya, babu. Moshi ungewafukuza. Hiyo hewa nyingine ya mkaa haina rangi wala harufu, inamlaza mtu taratibu na yeye anaona raha. Chumba kilikuwa na upenyo wowote?"

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje la kituo, na hapo ndipo nilipoiona upya ile nyumba ya bibi yangu, mianzi yake, nyasi zake, nyota zilizoonekana katikati ya paa. Zile nyufa tulizozilaani kila msimu wa baridi ndizo zilizotulea. Mimi nikaenda kujifunza kazi ya kuziba nyufa, nikaziba kwa ustadi, bila kuuliza zilikuwa zinafanya nini pale. Nililia, na sioni haya kusema.

Walipona wote wawili. Niliambiwa wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Hadi leo nikiushika ule mwiko nyumbani huwa nauangalia muda kabla ya kuurudisha mahali pake. Ningekuwa na akili timamu asubuhi ile, ningekuwa nao mfukoni, ningepanda gari kwenda Mafinga.

Bibi Subilaga alipotoka kituo cha afya alikataa kuingia gerejini. Alilala sebuleni, anakohoa, na alisema jambo moja tu kwa kila aliyekwenda kumpa pole.

"Nirudisheni Makongolosi. Kule nitakufa, lakini nitakufa kwa jua. Siyo kwa fundi."

Tuntufye alibembeleza hadi akachoka. Mwishowe wakakubaliana kwamba shule zikifungwa atampeleka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Akaja kuniambia kwa unyenyekevu, hakunilaumu hata kwa neno, na hilo lilinichoma zaidi ya matusi. Alisema, "Baba mdogo, nimeshindwa." Nikamwambia bado, anipe zile wiki tatu.

Hapa lazima niwarudishe nyuma sana, Chunya, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kibarua wa Mzee Mbilinyi. Huyu alikuwa Mbena mfupi, mwenye masikio makubwa, fundi wa mabani. Bani ni jengo refu la tofali lisilo na madirisha, ndimo tumbaku inamoning'inizwa ikauke kwa joto. Siku ya kwanza alinishika mkono akaniingiza ndani ya bani lililokuwa likifanya kazi. Nilipigwa na joto kifuani hadi nikarudi nyuma. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na moto. Majani yalikuwa yananing'inia kimya gizani, rangi yake inageuka kuwa ya dhahabu, na joto lilikuwa kila mahali.

"Moto uko wapi, mzee?" nikauliza.

"Uko nje, unafanya nini ndani? Tumbaku ikinusa moshi imekwisha. Moto ukae nje, joto liingie ndani."

Akanionyesha. Tanuri lilikuwa nje ya ukuta, mdomo wake ukitazama nje. Moshi na mwali viliingia kwenye njia iliyofungwa, ikapita chini ndani ya bani, ikazunguka, ikatokea upande wa pili kwenye bomba refu. Ndani ilibaki njia tu, tofali na bati, zimemeza joto na zinalitoa polepole. Aliuweka mkono wangu kwenye tofali akaniambia nihesabu. "Usipofika tano, ni joto la tumbaku. Ukifika kumi bila kuondoa mkono, hilo ni joto la mtu." Hakuwa na kipima joto, na sikumwona akikosea. Nilikuwa kijana mwenye maneno mengi, lakini siku ile nilishinda nikigusa tofali moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeona tofali inakumbuka moto ambao haijawahi kuuona.

Halafu nikasahau. Ndivyo tulivyo. Nikatoka Chunya, nikajenga nyumba za watu miaka mingi, na kamwe sikufikiri kwamba kinachokausha tumbaku kinaweza kumpasha joto bibi mwenye kifua. Ilinijia pale kwenye benchi la kituo cha afya, kwa sababu nilikuwa nimekaa upande wenye jua na benchi lilikuwa la tofali, na lilikuwa linanipasha joto makalio.

Nikaanza. Tanuri nililijenga nje, nyuma ya gereji, dogo, linaingia banzi fupi na magunzi ya mahindi. Kutoka hapo njia ya moshi ikatoboa ukuta na kuingia chumbani ikiwa imefungwa kabisa, ikafuata kuta mbili, na juu yake nikaijenga kuwa benchi la kufika magotini. Mwisho wake ikatoka kwenye bomba lililopita juu ya paa. Dari nililikata mbali na bomba, maranda yasikaribiane nalo hata kidogo, na ninyi msije mkasahau hilo.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, nilijengea saruji. Nilipowasha mara ya pili, kila kiungo kikapasuka, maana saruji haipendi moto. Nikabomoa, nikarudia kwa udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchanganywa na mchanga na majivu, kama Mzee Mbilinyi alivyonifundisha na nikajifanya nimeendelea kumzidi. Pili, njia niliilaza tambarare. Moshi haupendi kutembea tambarare. Nilipochochea, ulirudi wote na mwali wake ukanichukua nyusi. Mke wangu, Mama Neema, alinitazama mlangoni akaniambia, "Naona umerudi, lakini uso umeuacha kazini." Nikainua njia ile, ipande kidogo kila hatua. Na nikajifunza kuwasha karatasi kwenye mguu wa bomba kabla ya kuwasha tanuri. Bomba likipata joto linaanza kuvuta lenyewe, na ukikaribisha sikio unasikia linavyopumua.

Siku zote hizo Bibi Subilaga alikuwa nje kwenye kiti, juani, ana sweta mbili na vitenge viwili, hanisemeshi. Nilimsalimia kila asubuhi kwa lugha ya nyumbani, "Ugonile, juba," yaani umelalaje, mama, naye anaangalia kuku. Hadi siku ya kupima uvujaji.

Kupima ni hivi. Unawasha moto mdogo, unarundika majani mabichi ya mkaratusi ili moshi uwe mzito, kisha mtu anapanda juu na kufunika bomba kwa gunia bichi kwa muda mfupi. Moshi unakosa pa kwenda, na mahali popote penye ufa wa nywele unajitokeza chumbani. Mlango na dirisha vikiwa wazi, bila shaka. Nilikuwa nimepiga magoti nakagua, nikaona vyote viko salama, nikasema kwa sauti, "Hakuna."

Nyuma yangu mtu akasema, "Pale."

Bibi Subilaga alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. Ni mara ya kwanza anakanyaga pale tangu asubuhi ile. Ncha ya fimbo yake ilikuwa imeelekea kwenye kona.

"Wapi, juba?"

"Pale kwenye kona. Na pale chini. Nimepika kwa kuni miaka arobaini, wewe utanificha moshi?"

Kweli, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda, mwembamba kiasi kwamba mimi niliupita. Nikaziba. Akaonyesha mwingine. Siku tatu tulifanya kazi hiyo, yeye na fimbo, mimi na udongo, hadi siku ya tatu tulipofunika bomba na chumba kikabaki safi. Alizunguka mara mbili ananusa. Mimi nilisimama kando kama mtahiniwa.

Ndipo nikatoboa lile tundu chini ya mlango, na jingine juu karibu na dari upande wa pili, ili hata tukikosea, hewa iingie na itoke. Tofali imezuia moshi, lakini tofali hupasuka, na mtu husahau. Akaliona.

"Hilo litaniletea upepo miguuni."

"Litakuletea, juba."

"Liache," akasema. Kisha akanitazama usoni, pale nyusi zilipokuwa zimeanza kuchipua. "Lakini utalala wewe kwanza."

Sikubishana. Nililala pale mimi na mke wangu siku tatu. Utaratibu ni huu: saa kumi na mbili jioni unachochea kwa muda wa saa mbili, kwa mabanzi ambayo hukuyanunua. Kisha unauacha moto umalizike wenyewe. Usifunge bomba makaa yakiwa mekundu, hata kama unaona uchungu joto linavyopotea. Yakishakuwa majivu kabisa ndipo unafunga mdomo wa tanuri ili upepo usipoze njia. Halafu unaenda kulala, na hakuna moto popote, si ndani wala nje.

Alfajiri ya kwanza niliamka nikakaa. Kioo cha dirisha kilikuwa cheupe kwa ukungu. Niliweka kiganja kwenye benchi nikaanza kuhesabu kama kule Chunya. Nilifika kumi, nikafika ishirini. Benchi lilikuwa na uvuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Moto ulikuwa umekufa tangu jana, na hili lilikuwa bado linatoa, halijui kwamba limeachwa. Nimejenga makanisa, vijana, nimejenga nyumba ya ghorofa. Sijawahi kushangaa kazi ya mikono yangu kama alfajiri ile, na nilijua wazi kwamba nusu yake ni ya Mzee Mbilinyi, ambaye sikuwahi kurudi kumshukuru.

Siku ya nne nikamwita Bibi. Mke wangu hakutaka kutoka. "Na nyumbani kwetu utajenga lini?" aliniuliza mbele ya watu. Ilinichukua miaka miwili, na aliihesabu yote.

Bibi Subilaga aliingia, akakaa kwenye benchi taratibu, akaweka viganja vyote viwili pembeni ya mapaja yake. Tuntufye alikuwa amesimama mlangoni na daftari za wanafunzi kifuani, hathubutu kuuliza. Shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa ile.

"Tuntufye," Bibi akasema mwishowe, "ile nyumba ya Makongolosi mpe mtu aishi. Nyumba ikikosa mtu inabomoka."

Hilo ndilo lililokuwa jibu. Tuntufye aliweka zile daftari chini.

Nimejenga mabenchi mengi baada ya hapo, kwenye gereji, kwenye mabanda, hata kwenye chumba cha fundi cherehani ambaye wateja walikuwa hawaondoki. Wasioweza kujenga nimewafundisha kupasha tofali mbili jikoni, kuzifunga kwenye gunia na kuziweka miguuni. Ni joto la mtu maskini na halina hatari. Lakini kila mahali tundu lipo. Mkisahau udongo wa kichuguu, mkisahau dirisha la kaskazini, tundu msilisahau.

Mwaka jana katikati ya baridi nilitoka Iyunga nikaenda Igowole kusalimia. Upendo ameshakuwa mtu mzima, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake. Nilimkuta kwenye chumba kile, na kichanga cha siku nane kimelazwa kwenye godoro dogo karibu na benchi. Bibi Subilaga alikuwa kitandani kwake. Macho yake yamekwisha sasa, anajua watu kwa sauti na kwa hatua.

"Ugonile, juba," nikasema.

"Ndaga," akaitikia. "Huyo ni fundi asiye na nyusi."

Mama mmoja jirani alikuwa amekuja na uji. Akaona ukungu nje, akaona mtoto, akakunja kitenge na kuinama kukisokomeza chini ya mlango, kwa huruma tu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Bibi akaniwahi. Alikuwa amehisi upepo umekatika miguuni.

"Mama, toa hicho kitenge."

"Bibi, mtoto ataumwa na baridi."

"Toa," akasema, bila kupandisha sauti. "Hilo tundu ndilo linalotuamsha asubuhi."

Yule mama alinitazama, hakuelewa. Upendo hakutazama mtu. Aliinuka kitandani na uzazi wake wote, akaja mwenyewe, akakivuta kile kitenge, akakaa hapo sakafuni kidogo mkono wake ukiwa mbele ya tundu, anasikia hewa inavyoingia. Mimi nilikaa karibu na mtoto, nikaweka kiganja kwenye tofali na kuanza kuhesabu, nikafika kumi, nikaendelea.